Taa ya Mlinzi wa Daraja

Simu ilikuwa juu ya kigoda, imechomekwa kwenye chaji, naye mama ameketi ukingoni mwa kitanda akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Saa nane usiku. Saa tisa. Kila kioo kilipozima alikigusa kwa kidole kiwake tena, aone kama mtandao upo, aone kama sauti haijazimwa. Binti yake mkubwa, ambaye ni msusi, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka chini, macho yamefumbwa, lakini usingizi hakuwa nao.

"Mama, ukiigusagusa hivyo itakwisha chaji."

"Si imechomekwa?"

"Basi jilaze kidogo. Ikilia nitakuamsha."

"Wewe? Wewe ukilala hata radi haikuamshi."

Binti akacheka kidogo puani, kisha akanyamaza, maana kicheko katika chumba kile kilikuwa kama kimekosea nyumba.

Habari iliyokuwa ikingojwa ilimhusu kitinda mimba, mvulana pekee aliyebaki. Alikuwa dereva wa treni. Alikaa huko mwisho wa reli, safari ya usiku kucha, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Siku sita zilizopita treni aliyokuwa akiiendesha ilimgonga mlinzi wa daraja, na yule mlinzi akafa palepale. Wakubwa walikuja na karatasi zao, wakauliza maswali kutwa nzima, wakaandika kwamba dereva alipiga honi na mlinzi hakutoka relini. Wakamwambia kijana hana kosa, akapumzike wiki moja. Akaenda chumbani kwake, akatia komeo kwa ndani, na tangu hapo hakutoka. Siku nne zilikuwa zimepita. Simu yake ilizimwa. Aliyekuwa akileta habari ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa fundi wa reli, mwanamke ambaye mama huyu hakuwahi kumwona hata sura.

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Aliishika kabla mlio wa kwanza haujakwisha.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Niambie."

"Hajafungua."

"Anakula?"

"Sahani ya jana iko palepale mlangoni, kuku wa watu wameimaliza. Lakini usiku tulisikia bomba lake likifunguliwa mara moja. Maji anakunywa, mama. Hiyo ndiyo dalili yetu."

"Sasa kwa nini hao wakubwa hawavunji mlango? Wanangoja nini?"

Mama alisikia mtoto akilia upande wa pili, na mlango ukifungwa, kama kwamba jirani ametoka nje aongee peke yake.

"Jana mume wangu alilitikisa komeo. Akajibu kutoka ndani, polepole tu, kama anavyoongea siku zote. Alisema, 'Atakayevunja mlango huu atakuta mtu hayupo.' Ndiyo maana wanaogopa. Stesheni masta amesema kesho saa sita mchana wanavunja, liwalo na liwe, hawezi kukaa na jambo hili kwenye nyumba zake. Nimemwomba akungoje. Nimemwambia, mama yake akija atafungua. Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema mama. Lakini alipoikata simu aliinuka nayo bila kuuchomoa waya wa chaji ukutani. Binti aliuchomoa.

Barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa na mvua tangu mwezi uliopita. Iliyobaki ni treni, nayo ingeondoka saa mbili usiku. Ikienda vizuri ingefika saa moja asubuhi. Alihesabu kwa vidole kutoka saa moja hadi saa sita. Saa tano za kumkuta mwanawe. Zilionekana nyingi, akajilaumu kwa kuziona nyingi, asije akaitia safari mkosi.

Mchana alikwenda kazini kuaga. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la kushona sare. Wengine walikata, wengine walishona, yeye alitoboa matundu na kutia vifungo, miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha. Walimwita Mama Vifungo. Alisoma hadi darasa la nne tu, lakini macho yake hayakuhitaji shule: mtu akiingia dukani alijua kifungo kipi kimelegea kabla mtu mwenyewe hajajua, na mara nyingi alijua pia ni mkono gani umekilegeza na kwa hasira gani.

"Nenda," alisema fundi mkuu bila kusimamisha cherehani. "Sare zitangoja. Sare hazina roho." Kisha akasimamisha cherehani kweli, akainua uso. "Ukifika mwambie hana kosa. Mtu akilala relini ni nani wa kulaumiwa?"

Kila mtu alisema hivyohivyo. Msusi alisema. Wateja walisema. Yeye mwenyewe aliichukua sentensi ile kama dawa iliyofungwa kwenye karatasi: hukuwa na kosa, mwanangu. Alikusudia kuibeba mpaka mlangoni.

Hakuwahi kuipanda treni hiyo, ingawa kwa miaka mitatu alikuwa akisimulia watu sokoni kwamba ni ya mwanawe. Behewa lake la daraja la tatu lilikuwa na viti vya mbao vinavyotazamana, dirisha lisiloshuka mpaka mwisho, na feni ya darini iliyoning'inia bila mabawa. Mbele yake alikaa mwanamke mnene, mfanyabiashara wa magodoro, ambaye alikuwa ameyakunja matatu na kuyafunga kamba, akayaegemea kama malkia. Pembeni ya dirisha alikaa bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, na huyo kabla hata treni haijatikisika alikuwa ameshawaeleza watu wote ugonjwa wake wa goti.

Treni iliondoka saa tatu kasoro. Mama alishika kikapu mapajani kwa mikono yote miwili. Taa za mji zilikwisha upesi kuliko alivyodhani, na dirishani akabaki kuona uso wake mwenyewe. Aliusemesha bila sauti. Hukuwa na kosa, mwanangu. Hukuwa na kosa.

"Unasali, dada?" aliuliza Mama Magodoro.

"Ndiyo," alisema, maana ilikuwa rahisi zaidi.

"Utuombee na sisi. Reli hii siku hizi inatisha."

Hapo bwana wa kofia akapata mlango wa kuingilia. "Inatisha? Sema inaua! Treni hiihii ndiyo iliyommaliza mlinzi wa daraja juzi. Dereva alikuwa amelewa chakari. Nimeambiwa na mtu aliyekuwemo."

"Huyo mtu wako alikuwemo kule mbele kwenye injini?"

"Alikuwa behewa la nane."

"Sasa wa behewa la nane aliona nini? Kisogo cha behewa la saba?"

Watu wakacheka mpaka upande wa pili wa njia. Bwana wa kofia hakukubali kushindwa. "Chekeni tu. Vijana wa siku hizi mnawapa treni kama mnawapa baiskeli. Aligonga, hata breki hakushika, akakanyaga twende zetu. Mtu mzima, baba wa watu, amesagwa kama..."

"Hanywi."

Alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Bwana wa kofia akageuka. "Nani hanywi, mama?"

"Dereva. Hajawahi hata kuonja. Ni mwanangu."

Mama Magodoro alijivuta, akaacha nafasi pembeni yake kwenye godoro, akaipiga kwa kiganja: njoo ukae hapa. Bwana wa kofia akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Nisamehe, mama. Mdomo wangu hauna breki." Kisha akasikia alichokisema, akajifunika uso kwa kofia na hakuongea tena mpaka usiku wa manane.

Mlangoni mwa behewa alikuwa amesimama mkagua tiketi, koleo yake ya kutobolea mkononi. Alikuwa amesikia. Aliitoboa tiketi ya mama polepole, akamtazama usoni, akaondoka bila kukagua za wengine.

Saa saba usiku treni ilisimama kwenye kituo kidogo chenye taa moja. Dakika kumi zikapita, nusu saa ikapita. Watu walichungulia, wakaguna, wakalala tena. Ikasemwa kwamba treni ya mizigo imeharibika mbele na njia ni moja. Mama alianza tena kuhesabu vidole. Saa moja imeondoka. Ikiondoka na ya pili zitabaki tatu.

Ndipo alipokuja gadi, yule mkuu wa treni anayekaa behewa la mwisho kabisa. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kifungo cha pili cha koti lake kimeshikiliwa na pini. Alimwinamia mama, akasema chini kwa chini, "Mama wa dereva ni wewe? Naomba tuongee. Kikapu chako acha, huyu dada atakitazama."

Walishuka, wakatembea kwenye kokoto pembeni ya mabehewa yaliyolala, mpaka mwisho. Katika behewa la gadi kulikuwa na kiti kimoja, kitabu kikubwa juu ya kimeza, na taa ya mkono. Alimpa mama kiti. Yeye akasimama.

"Anaendeleaje?"

"Hafungui. Kesho saa sita wanavunja." Akamweleza alichosema kijana juu ya mtu kutokuwepo. Gadi alifumba macho.

"Umepanga kumwambia nini?"

"Kwamba hakuwa na kosa."

"Tumemwambia sote. Mimi nilimwambia mara tatu. Kila nikimwambia anarudi nyuma hatua moja, kama nimempiga." Akakaa chini sakafuni, koti lake na yote, akaegemea ukuta. "Mama, nilikuwa kazini usiku ule. Nikikuambia jambo, utaweza kulibeba?"

"Nimebeba mangapi. Sema."

Alisema. Kwenye lile daraja refu mlinzi huwa analipita kwa miguu kabla ya kila treni, aone kama mbao na chuma viko salama, kisha anasimama kwenye kijukwaa cha pembeni mpaka treni ipite. Walinzi wengi hukaa tu na giza lao. Lakini mwaka jana kijana alianza kumpigia mzee yule honi ya salamu, mbili fupi. Mzee akajibu kwa kuitikisa taa. Baadaye ikawa kijana anamrushia mkate kwenye mfuko kila anapopita, kwa sababu mzee hana duka la karibu. Ikawa ndiyo desturi yao. Taa ikitikiswa, honi mbili fupi, mkate.

"Hata mimi huku nyuma niliizoea," alisema gadi. "Nikisikia honi mbili najua tuko darajani, natoa taa yangu dirishani na mimi nimsalimu. Lakini sheria ya reli ni nyingine, mama. Taa yoyote ikitikiswa kwa nguvu usiku, ya rangi yoyote ile, maana yake ni simama. Wale wawili walikuwa wameifanya kuwa ni hujambo."

Mama alikuwa ameanza kuelewa, na mwili wake ulikuwa ukijivuta nyuma kwenye kiti kana kwamba kuna kitu kinakuja.

"Usiku ule mguu wa mzee ulinasa katikati ya mbao. Hakuweza kuuchomoa. Akaanza kuitikisa taa. Daraja liko baada ya kona, taa kubwa ya treni inapiga pembeni, kwa hiyo kijana hakumwona mtu, aliona taa tu. Akapiga honi mbili fupi. Mimi nilizisikia. Nikatoa taa yangu, nikampungia." Gadi alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Treni iliponyooka ndipo alipomwona, akashika breki zote. Treni haikuwahi kusimama, ikampanda. Mkate aliokuwa ameshamrushia tuliukuta hatua thelathini nyuma, ndani ya mfuko wake, haujachanika. Niliuchukua nikautupa mtoni kabla polisi hawajafika."

"Na karatasi?"

"Kitabuni niliandika, honi ilipigwa. Ni kweli ilipigwa. Sikuandika ni honi gani. Mke wa mzee ameambiwa mumewe alizembea, alilala relini. Msaidizi wake wakati ule alikuwa ameinama anamimina chai, hakuiona taa. Tunaojua ni mimi na kijana, na sasa wewe." Akamtazama sana. "Jambo hili likitoka nje, anakwenda jela, na mimi nitamfuata. Nina watoto watano. Nimekuambia ili ujue unakwenda kupiga hodi kwa nani. Lisitoke hapa."

"Nimesikia, baba," alisema mama. Alisema amesikia, na hakusema zaidi ya hapo.

Treni ya mizigo ilivutwa ikapita saa kumi kasoro. Ilipofika zamu yao, gadi alimwacha akae palepale. Waliingia darajani taratibu, chuma kikilia chini yao. Kwenye kijukwaa cha pembeni alisimama mlinzi mpya, kijana, taa yake ameishusha karibu na goti, imetulia tuli. Honi haikupigwa. Mama alimtazama mlinzi yule mpaka akawa nukta, na moyoni alikumbuka barabara ya usiku, zamani, wakitoka yeye na mwanawe huyu, angali mtoto, kwenye duka la kushona, mtoto amemshika kidole, na yeye akimfundisha kumsalimia kila mlinzi wa duka. Mtu anayekesha kwa ajili ya wenzake, alikuwa akimwambia, usimpite kama nguzo. Mtoto aliamkia milango mpaka isiyokuwa na mlinzi.

Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Gadi alidhani anataka kutapika, akamsogezea ndoo.

Kulikucha wakiwa nyikani. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, na mtandao hakuna. Alirudi kwenye behewa lake, na Mama Magodoro akamshika mkono bila kumuuliza kitu. Bwana wa kofia alimpa chai kutoka kwenye chupa yake, akaishika na asiinywe. Saa tatu na nusu simu ilishika mnara ikatetemeka yenyewe.

"Mama, uko wapi?" Sauti ya jirani ilikuwa imekwaruza. "Bomba halijafunguliwa tangu jana jioni. Tumetega masikio usiku kucha. Hakuna kitu. Uko wapi?"

"Sijui niko wapi! Naona kituo, kina tangi jekundu."

Akasikia jirani akimuuliza mumewe, na mume akijibu kwa mbali. "Anasema bado saa mbili, mama. Mbili na kidogo."

"Wazuie."

"Nitawazuia vipi mimi?"

"Kaa mlangoni. Lala mlangoni. Mwambie stesheni masta treni ni yake, ameichelewesha mwenyewe!"

Walioketi karibu walisikia, na habari ikaenda behewa zima. Hakuna aliyeweza kufanya chochote, ndilo lililokuwa chungu zaidi. Treni haichapwi kiboko. Ilikwenda mwendo wake, ikisimama kwenye vituo vyake, ikimpakia mtu mmoja na baiskeli yake, ikimshusha mwingine na mbuzi. Kila iliposimama mama alisimama nayo, akakaa, akasimama. Bomba. Alikuwa akisikiliza magurudumu kama mtu anayesikiliza maji yakidondoka nyuma ya ukuta.

Waliingia stesheni saa sita kasoro dakika kumi. Mama Magodoro aliruka kabla treni haijatulia, mnene alivyo, akamshusha mama kwa kwapa, akampokonya kikapu. "Wewe kimbia! Mimi nakuja na mizigo! Wapisheni, wapisheni huyu mama!" Na bwana wa kofia, goti lake na yote, alichechemea mbele akiwasukuma watu kando kwa kiwiko.

Nyumba za reli zilikuwa safu moja ndefu nyuma ya karakana, vyumba kumi na viwili, milango ya kijivu. Hakuhitaji kuuliza mlango ni upi. Mbele ya wa tisa walisimama stesheni masta, askari wawili, seremala mwenye mtaimbo, na mwanamke mwembamba aliyekaa chini, mgongo umeuegemea mlango, mtoto kifuani. Jirani alipomwona hakuinuka mara moja. Alianza kulia.

"Mama, nakupa dakika kumi," alisema stesheni masta. Hakuwa mtu mbaya. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. "Kumi tu. Zaidi ya hapo akifa ni juu yangu."

Alipiga mlango kwa kiganja. "Mwanangu. Ni mimi, mama."

Kimya.

"Nimekuja na treni. Fungua, baba."

Seremala alihamisha mtaimbo kutoka mkono huu hadi huu. Na mama, pamoja na yote aliyoyasikia usiku, ulimi ukamkimbilia kwenye ile sentensi aliyoibeba toka nyumbani.

"Hukuwa na kosa, mwanangu."

Kitu kililia ndani, chaga za kitanda. Jirani alijiziba mdomo kwa furaha: yu hai. Kisha sauti ikaja, kavu, kama imetoka chini ya godoro.

"Hata wewe umesafiri usiku kucha kuja kusema hivyo. Rudi nyumbani, mama."

Aliisikia sauti hiyo ikifunga kitu kizito zaidi ya komeo. Akageuka kwa stesheni masta. "Ondokeni."

"Haiwezekani, mama. Utaratibu..."

"Nendeni pale kwenye bomba la uani. Mtaniona, nitawaona. Nina neno na mwanangu."

"Si mumpe nafasi!" jirani aling'aka, ameshainuka sasa, mtoto kiunoni. "Siku tano maneno yenu yamefungua nini?"

Wakasogea mpaka bombani, hatua arobaini. Mama alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye saruji, mdomo kwenye mwanya wa chini ya mlango. Harufu iliyotoka ilikuwa ya jasho na ya kufungiwa.

"Gadi ameniambia," alisema. "Ameniambia ya taa. Na ya honi mbili. Na ya mkate."

Alitega sikio kwenye mwanya, akiogopa amemuua kwa maneno hayo.

"Uliiona taa?" mama aliuliza.

"Niliiona." Sauti ilikuwa imesogea.

"Alikuwa akiitikisa sana?"

"Sana, mama. Nikacheka. Nikajisemea moyoni, mzee leo ana furaha."

Saruji ilikuwa ya moto chini ya shavu lake. Alitaka kusema ni mimi niliyekufundisha. Alitaka kulibeba kosa lile lote alitie kikapuni mwake, kama alivyokuwa akibeba mkoba wake wa shule mvua ikinyesha. Lakini aliona kwamba kila mtu alikuwa amejaribu kumpokonya, na ndivyo walivyomwacha mikono mitupu na mlango umefungwa.

"Ulikosea," alisema. "Ulikosea, mwanangu, na mtu amekufa."

Kilio kilichotoka kule ndani kilikuwa cha mtu aliyekizuia siku saba. Kule bombani wote waligeuka. Seremala alipiga hatua, jirani akamshika shati.

Kilipopungua, kijana aliuliza, "Mke wake anajua?"

"Hajui. Kwa karatasi zao anadhani mumewe alizembea, alilala relini."

"Hakulala."

"Najua."

"Nani atamwambia?"

"Wewe. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni yako."

"Watanifunga, mama."

"Wanaweza kukufunga."

"Na gadi?"

"Na yeye pia, labda. Ana watoto watano. Alinikataza nisiseme."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Kwa sababu jela nitaijua ilipo. Nitakuja siku za kuonana, nitakaa nje kwenye foleni, nitajua uko ndani unapumua. Mlango huu sijui. Usiku kucha sijui. Nimechoka kutokujua."

"Muda, mama!" aliita stesheni masta. Bila kugeuka mama aliinua mkono juu, akauacha hapo.

"Miguu haina nguvu," ilisema sauti.

"Tambaa."

Alisikia kitu kikivutwa sakafuni, kikisimama, kikivutwa. Pumzi zikafika upande wa pili wa ubao, karibu na zake. Vidole vikakwaruza vikipanda, vikateleza, vikapanda tena. Komeo lilikuwa limekwama kwa ile tikisa tikisa ya juzi, liligonga, likagoma. Nyuma yake akasikia viatu vikija na mtaimbo ukigusa kokoto.

"Msiguse!" alipiga kelele. "Mtu asiguse!"

Viatu vikasimama. Komeo likagonga mara ya pili, ya tatu, likatoka. Mlango ulifunguka upana wa mkono tu, ukazuiwa na mwili wa kijana mwenyewe uliokuwa umeanguka nyuma yake, na mama akapitisha mkono wake kwenye ule uwazi mpaka begani, akipapasa, mpaka alipomshika.